Je, Wajua? Paka wa Ndani na Bili ya Daktari

Je, wajua kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika Kaunti ya Machakos, ikauliza na ng'ombe, mbuzi, punda, kuku, hata mizinga ya nyuki, lakini paka hakuulizwa? Karani alimwona amejilaza kwenye kochi, akaandika kuku. Na nyumba nyingi hufanya vivyo hivyo: karo ipo kwenye bajeti, kodi ipo, umeme upo, paka hayupo, hadi siku anapougua.

Wengi hudhani paka asiyetoka nje hana la kumdhuru. Hebu tupite chumba kwa chumba.

Je, wajua kwamba anaweza kuuawa na sumu ambayo wewe hukuinunua? Yule kijana anayezunguka mtaani na kipaza sauti chenye tangazo lililorekodiwa, dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto, humuuzia jirani wa chini kijipakiti kisicho na maandishi. Panya anakula, anapanda na bomba hadi jikoni kwako akiwa mzito wa miguu, na paka anamdaka bila jasho. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Siku hiyo hutaona kitu. Siku 3 hadi 5 baadaye fizi zinapauka, pumzi inakuwa fupi, mnyama hataki kuinuka. Tiba ni vitamini K1, ikiwahi. Lakini ziko sumu za panya za aina nyingine kabisa ambazo vitamini hiyo haizigusi, na ndiyo maana swali la kwanza la daktari huwa pakiti iko wapi. Mwombe jirani, ikibidi pekua pipa la taka.

Je, wajua kwamba tembe moja ya Panadol, ile ya miligramu 500, inatosha kumuua paka mzima? Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu. Fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba. Nusu tembe ni hatari, robo pia ni hatari. Hakuna kipimo cha Panadol kinachomfaa paka, hata akilia namna gani.

Je, wajua kwamba dawa ya viroboto ya mbwa inaweza kumtia paka kifafa? Permethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za mbwa na za kunyunyizia nyumba, ni nakala ya maabara ya sumu iliyomo kwenye ua la pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kulizalisha. Mbwa huivumilia. Paka hutetemeka, hutokwa mate, huanguka. Basi ukienda agrovet kutafuta dawa ya viroboto, usikubali kupimiwa kwenye chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe eti utachanganya na maji mengi. Muuzaji anajua ng'ombe, na hilo si kosa lake. Taja paka, taja uzito wake, soma kibandiko mwenyewe. Kama kibandiko hakimtaji paka, rudisha chupa.

Viroboto vyenyewe si vya kupuuzwa. Paka anapojilamba humeza kiroboto, na ndani ya kiroboto mna kiluwiluwi cha tegu. Ukiona vitu vyeupe kama punje za mchele chini ya mkia wake, dawa ya minyoo peke yake haitamaliza kazi. Viroboto visipoondoka, tegu atarudi.

Je, wajua kwamba paka hasikii utamu? Mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba jeni moja inayohitajika kuonja sukari imeharibika kwa paka, na hata kwa jamaa zake wakubwa wa porini. Kwa hiyo yule anayekukodolea macho ukila keki anatafuta siagi.

Na ugali kwa maziwa? Hiki ndicho chakula cha paka wengi wa Ukambani, na ndicho kinachowachosha polepole. Paka ni mla nyama bila hiari. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, na taurini haipatikani kwenye mahindi wala sukuma wiki. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walithibitisha kwamba upungufu wake hutanua moyo wa paka hadi ushindwe kusukuma damu. Kabla ya hapo ilikwisha kujulikana kwamba hupofusha macho. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa. Omena waliochemshwa, kuku, matumbo kutoka bucha, hivyo vina maana zaidi kuliko sufuria nzima ya ugali. Ila maini yasiwe ya kila siku, maana vitamini A ikizidi huikausha mifupa ya shingo ikashikana. Na mabaki ya mchuzi yasimfikie: kitunguu na kitunguu saumu, hata vikipikwa, hupasua chembe nyekundu za damu ya paka.

Kuna ugali mwingine wa kuogopwa zaidi, na Machakos inaujua kuliko mahali pengi duniani. Mwaka 1981 watu 20 wa wilaya hii waliugua ini kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu, na 12 wakafa. Mwaka 2004 janga likarudi Makueni, Kitui, Machakos na jirani zake: wagonjwa 317, vifo 125. Tangu hapo kila mama hapa hukagua gunia kabla ya kusaga. Swali ni mahindi yaliyokataliwa huenda wapi. Mara nyingi humwagiwa kuku, au hupikiwa mbwa na paka, eti wao wana tumbo gumu. Hawana. Katika mkasa kama huo uliotokea magharibi mwa India mwaka 1974, mbwa waliokula mahindi yale yale walipata manjano na kufa kama wenye nyumba. Mahindi yaliyoota ukungu hayana mlaji. Hata chakula cha dukani kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi, kinuse kwanza, na usikiweke karibu na ukuta wenye unyevu.

Je, wajua kwamba paka dume anayechuchumaa kila mara bila kutoa mkojo anahitaji daktari ndani ya saa chache, si siku? Fuwele huziba mrija wake mwembamba, kibofu kinajaa, sumu inarudi kwenye damu, na ndani ya siku 2 au 3 anaweza kufa. Watu hudhani amefunga choo, humnywesha mafuta ya kupikia. Huyu hangoji asubuhi.

Sababu mojawapo ni kiu ndogo. Babu wa paka ni paka pori, ambaye bado anawinda kwenye mbuga za Kenya, na aliumbwa kupata maji ndani ya nyama ya windo. Mpe chakula kikavu peke yake katika mji ambao mifereji hukauka na watu hupanga mitungi, na bakuli lake ndilo litakalosahaulika kwanza. Dawa yake haina gharama: mwagie maji au supu isiyo na chumvi kwenye chakula, weka mabakuli mawili, moja mbali na sahani.

Je, wajua kwamba mchanga wa dukani wa paka ulianza kwa jirani aliyeishiwa mchanga wa kawaida? Mwaka 1947, huko Cassopolis, Michigan, Ed Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wa kunyonya mafuta karakanani ajaribu kwa paka wake. Ikawa biashara ya mamilioni. Nasi tunaununua kwa bei ya unga, katika kaunti ambayo malori hayakomi kubeba mchanga wa mito yake kwenda kujenga Nairobi! Mchanga wa mto uliochekechwa na kuanikwa juani unafanya kazi vizuri, ingawa haugandi na lazima ubadilishwe mara kwa mara. Vumbi la randa kutoka kwa fundi seremala pia, mradi mbao hazikupakwa dawa. Wachonga vinyago wa Wamunyu wanalo tele.

Hapo kwenye beseni la mchanga huo ndipo hofu ya mama mjamzito huanzia. Ni kweli paka anaweza kutoa vijidudu vya toksoplasma kwenye kinyesi, lakini kwa kawaida huvitoa kwa wiki chache tu maishani mwake, na vijidudu hivyo huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza. Anayezoa kila siku huviwahi. Mjamzito amwachie kazi hiyo baba watoto, na hapana haja ya kumfukuza paka. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa zimewaambukiza wengi pia, wala hakuna anayefukuza nyama.

Je, wajua kwamba paka wa Machakos huzaa mwaka mzima kwa sababu ya jua? Joto la jike huamshwa na urefu wa mchana. Ulaya, majira ya baridi yakifika na mchana ukafupika, majike hupumzika. Machakos iko karibu digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, mchana wake haubadiliki hata kwa robo saa mwaka mzima, basi hakuna likizo. Jike hushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, huibeba kama wiki 9, na anaweza kushika nyingine kabla hajawaachisha wa kwanza. Kumfunga uzazi ni gharama ya mara moja. Akifungwa kabla ya miezi 6, hatari ya saratani ya matiti hushuka kwa asilimia 91.

Na chanjo je? Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu wilayani Machakos walikadiria, katika ripoti ya mwaka 2000, visa 860 kwa kila mbwa 100,000 kwa mwaka. Ndiyo maana Machakos ni miongoni mwa kaunti 5 za majaribio katika mkakati wa taifa ulioanza 2014, unaolenga kuutokomeza ugonjwa kufikia 2030. Paka naye huupata, na mbwa mgeni hahitaji mwaliko ili aingie uani. Chanjo huanza wiki ya 12. Zile za mafua na kuhara za paka huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa hadi ya 16. Karibu na Septemba 28, siku ya ugonjwa huu duniani, sikiliza redio: kampeni za umma mara nyingi huchanja bure. Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama usiyemjua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali.

Kwa wakazi wa maghorofa ya Syokimau na Mlolongo: mwaka 1987 madaktari wa New York waliandika kuhusu paka 132 walioanguka kutoka ghorofani, na asilimia 90 wakapona. Takwimu hiyo hupendwa sana. Lakini ilihesabu waliofikishwa kliniki. Wavu wa dirishani ni wa bei nafuu kuliko mguu wa kuunganishwa kwa chuma.

Sasa pesa. Je, wajua kwamba Kenya ilianza kumkatia bima ng'ombe wa Marsabit kwa kupima majani kutoka setilaiti mwaka 2010? Wasweden walikata bima ya mbwa mwaka 1924, na Lassie wa televisheni akapata yake Marekani mwaka 1982. Kwa wengi wetu bima ya paka ni simu. Shilingi 20 kwa siku ni 7,300 kwa mwaka. Zifungie kwenye M-Shwari, au chama kiwe na mfuko wa wanyama, maana si kila paka ataugua mwezi mmoja.

Kabla ya kumpeleka, piga simu uulize: bei ni pamoja na nusukaputi? Dawa za kwenda nazo? Kutoa nyuzi? Nauli ya daktari akija nyumbani usiku? Uliza pia leseni. Sheria ya 2011 inataka daktari wa mifugo na msaidizi wake wote wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na upasuaji ni kazi ya daktari. Kwa kesi ngumu kuna kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Kutoka Machakos hadi Nairobi ni kama kilomita 65, basi nauli iingie kwenye hesabu. Na kiondo cha mama, hata kiwe kizuri vipi, kina mdomo wazi: paka atakitoka kabla matatu haijafika Kyumbi, na konda hatasimamisha gari.