Kitale hadi Bungoma: Kwa nini umbali wa angani haumfikishi msafiri

MSAFIRI anayeuliza umbali kutoka Kitale hadi Bungoma huenda akapewa majibu mawili yasiyolingana, na yote yakawa sahihi. Jibu la kwanza ni takriban kilomita 70. La pili ni takriban kilomita 85. Tofauti hiyo haitokani na kosa la hesabu, bali na njia iliyopimwa.

Kilomita 70 ni umbali wa angani, yaani mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili. Bungoma iko kusini-magharibi mwa Kitale, kiasi cha kilomita 50 kuelekea kusini na nyingine 50 kuelekea magharibi. Karibu na Ikweta, nyuzi moja ya latitudo au longitudo ni takriban kilomita 111. Hivyo mwanafunzi mwenye atlasi anaweza kuukokotoa umbali huo mwenyewe kwa kanuni ya Pythagoras.

Barabara haiufuati mstari huo. Kutoka Kitale, gari hupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha hugeuka magharibi na kushika barabara kuu iendayo Malaba. Reli nayo ina mzunguko mkubwa zaidi, kwani tawi la Kitale, lililofika mjini humo mwaka wa 1926, linaungana na reli ya Uganda huko Leseru, upande wa Eldoret.

Muda wa safari nao unahitaji uangalifu. Tangu mwaka wa 2004, matatu haziruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo bila kusimama, kilomita 85 zingechukua zaidi kidogo ya saa moja. Hata hivyo, matatu hupakia na kushusha abiria njiani na hupunguza kasi mijini. Kwa hivyo, ni busara kutenga saa moja na nusu au zaidi.

Je, ndege ingechukua muda gani? Ndege ndogo inayokwenda kilomita 300 kwa saa ingeumaliza umbali wa kilomita 70 kwa dakika 14. Hesabu hiyo, hata hivyo, haijumlishi muda wa kupaa, kutua na kusubiri uwanjani. Isitoshe, hakuna safari za ndege za ratiba kati ya miji hii. Hata anayekodi ndege kutoka kiwanja cha Kitale na kutua Matulo, karibu na Webuye, bado hutafuta gari la kumfikisha Bungoma, naye aliyetoka Kitale kwa gari hupita papo hapo Webuye.

Mambo haya yana uzito kwa wenye shughuli. Msafirishaji wa mahindi kutoka Trans Nzoia anayetoza nauli kwa kilomita 70 hupoteza malipo ya kilomita 15 kwenda na 15 kurudi, ilhali lori lake limechoma mafuta ya safari nzima. Jamaa wanaompeleka mgonjwa hospitalini nao wakitegemea zile dakika 14 watachelewa kuondoka.

Kwa hivyo, anayepanga safari hana budi kuuliza kwanza: umbali huu umepimwa angani au barabarani? Mwenye gari na ahesabu wa barabarani.