Matunda Yasiwagombanishe!

Jumamosi mmerudi kutoka sokoni na kikapu kimejaa: maembe, ndizi mbivu, parachichi, nanasi na pasheni. Jumatano nusu yake iko kwenye ndoo ya taka, na maneno yanaanza. "Si wewe uliyenunua mengi!" "Na wewe mbona hukuyala?" Malumbano haya nimeyasikia kwa marafiki zangu wengi wenye ndoa, na mara nyingi hakuna mwenye kosa. Tatizo ni kwamba matunda yote yamewekwa pamoja kana kwamba yana tabia moja.

Msomaji wangu, tunda likishachumwa bado liko hai. Linapumua, linatoa joto na kupoteza maji. Baridi hupunguza kasi hiyo, na kifungashio huzuia maji yasipotee. Lakini si kila tunda linaipenda baridi.

Ndizi na friji haziivi chungu kimoja

Ndizi huumia joto likishuka chini ya nyuzi 13 hivi, ndiyo maana melini husafirishwa kwenye nyuzi 13 hadi 14. Friji yako ina kama nyuzi 4! Ukiingiza ndizi ambayo haijaiva, ganda linakuwa jeusi na haiivi vizuri tena. Embe bichi nalo ni hivyo hivyo. Yaacheni yaive mezani, mbali na jua. Embe au parachichi likishaiva, lipelekeni friji, mtaongeza siku kadhaa za kulifaidi.

Angalia nani anakaa na nani

Ndizi, embe, papai, parachichi na pasheni zikiiva hutoa gesi iitwayo ethilini, inayowaharakisha majirani kuiva. Unataka parachichi la keshokutwa? Lifunge kwenye mfuko wa kaki pamoja na ndizi mbivu. Huna haraka? Yatenganishe. Nanasi na chungwa hayaongezi utamu baada ya kuchumwa, kwa hiyo usiyasubiri, chagua yaliyo tayari.

Kontena lenye mfuniko

Pasheni hunyauka kwa kukauka, hivyo ziwekwe kwenye kontena lenye mfuniko ndani ya friji, na karatasi ya jikoni chini yake inyonye unyevu. Usioshe matunda mpaka unapotaka kuyala, maana majimaji huleta ukungu. Yaliyokatwa yafunikwe na kuingia friji ndani ya saa 2. Vipande vya embe vikizidi, viende friza vingoje juisi.

Na kama hakuna friji?

Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kifaa rahisi kabisa: chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, na kitambaa kibichi juu. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Penye hewa kavu, kama Dodoma, kinafaa sana. Dar au Mombasa, penye unyevunyevu, hakisaidii kihivyo.

Sasa, wikiendi hii kabla ya kutoka, pangeni wote wawili: maembe mangapi mabivu ya leo na kesho, mangapi magumu ya Alhamisi. Hela itabaki mfukoni, na Jumatano mtakuwa na juisi mezani badala ya ugomvi.