Pilates: Mkutano ambako kila mwalimu anaulizwa alijifunza kwa nani

Kabla ya saa mbili asubuhi, mbele ya hoteli kubwa katika mji mmoja wa Marekani, watu tayari wamepanga mistari. Wengi wao ni wanawake, wamevaa nguo za mazoezi, kila mmoja na kartasi yenye jina lake shingoni. Wamelipa ndege, chumba na kiingilio. Nyumbani wameacha wateja kwa siku tatu ao nne, na mara nyingi mwalimu wa Pilates asiyefundisha siku hiyo hapati feza ya siku hiyo.

Hivyo ndivyo inavyoanza mikutano ya walimu wa Pilates, mazoezi ya polepole yanayotia nguvu tumbo, mgongo na nyonga, kwa kufuata pumzi. Yanafanywa chini kwenye mkeka, ao juu ya mashini yenye resori za chuma. Ndani ya hoteli kuna vyumba vya masomo, na pembeni kuna ukumbi wa maonyesho ambako makampuni yanauza mashini, nguo na vitabu.

Walimu wanafuata nini huko? Jibu la kwanza ni rahisi: masaa. Mwenye cheti cha kitaifa cha Marekani anapaswa kukifanya upya kila miaka miwili, na anaombwa masaa 16 ya masomo ya nyongeza. Mkutano mmoja unaweza kumpatia yote, ao karibu yote.

Jibu la pili ni zito zaidi. Katika inchi hiyo, mganga, muuguzi na hata kinyozi wanahitaji ruhusa ya serikali ili kutumika. Mwalimu wa Pilates haombwi ruhusa ya namna hiyo. Mtu anaweza kujifunza siku mbili, akafungua chumba, akaandika neno "Pilates" mlangoni, na sheria isimwambie kitu. Na mteja analala chini, anamkabizi mgongo wake.

Ili kuelewa namna gani jambo hili lilifika hapo, ni lazima kurudi nyuma. Joseph Pilates alizaliwa mwaka wa 1883 Mönchengladbach, Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza. Kwa sababu alikuwa raia wa inchi adui, alifungwa pamoja na Wajerumani wengine, na kisha akapelekwa katika kambi ya Knockaloe, kwenye kisiwa cha Man, iliyokusanya watu zaidi ya 20.000. Kambini aliwafundisha wenzake mazoezi. Wanafunzi wake husimulia kwamba alifunga resori kwenye vitanda ili hata mgonjwa asiyeweza kusimama apate kunyoosha mikono na miguu, na kwamba mashini za leo zilitoka katika wazo hilo.

Mwaka wa 1926 alihamia New York. Pamoja na mwenzake Clara alifungua chumba cha mazoezi kwenye barabara ya Eighth Avenue, na wachezaji wa dansi walioumia walianza kumfikia. Mwaka wa 1945 alitoa kitabu chenye mazoezi 34 ya mkekani. Alikufa mwaka wa 1967, bila kumweka mtu mmoja rasmi kuwa mrithi wa mafundisho yake.

Kwa hiyo mafundisho yalipita kutoka mkono hadi mkono. Wawili kati ya wanafunzi wake wanajulikana kuwa walipata cheti chini yake yeye mwenyewe. Mmoja ni Lolita San Miguel. Mwingine ni Kathleen Stanford Grant, mwanamke Mweusi wa Marekani, mchezaji wa dansi aliyemfikia Pilates akiwa na goti lililoumia, kisha akawa mwalimu hadi uzee wake. Alikufa mwaka wa 2010. Hata leo, swali ambalo walimu wanaulizana kwenye meza ya chai ni lile lile: "Wewe ulijifunza kwa nani? Na yeye alijifunza kwa nani?"

Katika miaka ya 1990, swali hilo lilifika mbele ya mahakama. Mtu mmoja alikuwa anadai kwamba neno "Pilates" ni alama yake ya biashara, na waliolitumia bila ruhusa yake walijikuta wakishitakiwa. Kampuni moja inayotengeneza mashini, Current Concepts ya Sacramento, ambayo leo inaitwa Balanced Body, ilikataa kuinama. Mwezi wa Oktoba 2000, mahakama ya shirikisho huko New York ilikata shauri: Pilates ni jina la aina ya mazoezi, hakuna mtu mmoja anayelimiliki.

Walimu wengi walifurahi, lakini mlango uliofunguliwa kwao ulifunguliwa kwa wote, wenye ujuzi na wasio nao. Mwaka wa 2001 ulianzishwa muungano wa Pilates Method Alliance, unaojulikana kama PMA, ambao ulianza kuwakusanya walimu katika mikutano. Kisha ukaleta mtihani mmoja kwa wote. Kabla ya kuufanya, mwanafunzi alitakiwa kuwa na mafunzo ya masaa 450. Mtihani huo si sheria. Anayetaka anaufanya, asiyetaka anauacha.

Ndiyo sababu mikutano ina uzito. Serikali haipo kuhukumu ujuzi, basi walimu wanapimana wao kwa wao. Na hawakubaliani sikuzote. Upande mmoja wanasema mazoezi yafundishwe jinsi Pilates alivyoyaacha, kwa mpango wake ule ule. Upande mwingine wanasema mwili umechunguzwa sana tangu 1967, na mwalimu anapaswa kubadilisha.

Mfano mmoja unaonyesha kwamba si ugomvi wa maneno tu. Mazoezi mengi kati ya yale 34 yanamwomba mtu akunje mgongo kuelekea mbele. Kwa kijana mwenye afya, hakuna shida kubwa. Lakini kwa mama mzee mwenye osteoporozi, ugonjwa unaofanya mifupa kuwa dhaifu, kukunja mgongo namna hiyo mara kwa mara kunaweza kuvunja mifupa ya uti wa mgongo. Waganga walionya juu ya jambo hili tangu miaka ya 1980. Mwalimu asiyelijua anaweza kumuumiza mteja wake huku akifuata kitabu neno kwa neno. Katika chumba cha masomo, somo la namna hiyo linaweza kuwa na faida kuliko zoezi lolote jipya.

Katika ukumbi wa maonyesho hali ni nyingine. Hapo muziki unalia na wauzaji wanaita. Mashini inayotafutwa zaidi inaitwa Reformer: ni kama kitanda chenye ubao unaoteleza, unaovutwa na resori. Bei yake inapita kwa urahisi dola elfu tatu. Kwa mwenye chumba kidogo, kununua nne ni deni la miaka.

Hata hivyo, anayetembea humo kwa macho wazi anajifunza. Resori hupewa rangi kulingana na nguvu yake, lakini rangi moja haina nguvu ile ile kwa kila kampuni. Tena resori huchoka. Balanced Body inashauri zibadilishwe baada ya miaka miwili, kwa sababu resori ikikatika mtu akiwa juu ya mashini, anaweza kuumia vibaya. Kuuliza tu, bila kununua, kunaweza kumwokoa mteja.

Kuna pia ahadi zinazopita kipimo. Mwaka wa 2015, watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio juu ya Pilates na maumivu ya mgongo wa chini. Waliona kwamba inaweza kusaidia kuliko kutofanya kitu, lakini hawakuona uhakika kwamba inashinda mazoezi ya aina nyingine. Mwalimu mwaminifu anarudi nyumbani na jibu hilo pia, hata kama halisaidii kuuza.

Siku ya mwisho watu wanafunga mizigo. Wamechoka, na wengine wametumia feza kuliko walivyopanga. Lakini kila mmoja ameonwa akifanya kazi mbele ya wenzake wanaoijua, na amesikia mahali anapokosea.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu ao Bunia, ambaye labda hatapanda mashini hiyo hata siku moja, mikutano hii inaacha maswali ya kubeba. Mtu akikuita ili akunyooshe mgongo ao akufundishe mazoezi, muulize alijifunza wapi, kwa muda gani, na kwa nani. Muulize pia atafanya nini ikiwa una mfupa dhaifu ao jeraha la zamani. Mwenye kuijua kazi yake hakasiriki kwa kuulizwa. Anayekasirika, mwache na ubao wake wa mlangoni.