Je, Wajua? Mrija wa dawa unaofika karibu na moyo
Mgonjwa wa saratani ya damu anaweza kuwekewa mrija ukakaa miezi kadhaa, asichomwe sindano kila mara. Mrija wa Hickman, uliobuniwa Seattle, Marekani, miaka ya 1970, hutokea kifuani. Mwingine hupitia mkononi. Yote miwili husafishwa karibu kila wiki. Aina ya tatu, poti, hufichwa chini ya ngozi na husafishwa takriban kila mwezi. Kwa anayerudi Nambambo, Nachingwea, baada ya matibabu Muhimbili, tofauti hiyo ni nauli na nguvu za mgonjwa. Hata hivyo, leukemia (saratani ya damu) kali mara nyingi huhitaji mrija wenye njia zaidi ya moja, ili damu na dawa zipite kwa wakati mmoja. Mwenye mrija wowote akipata homa, awahi hospitali siku hiyohiyo.