Mama Aliyepoteza Mtoto: Kuridhika na Kadari si Kuridhika na Huduma

Miongoni mwa misiba inayozifika nyumba za Unguja na Pemba bila ya kutangazwa ni ule wa mama aliyebeba mimba akaipoteza, au aliyejifungua mtoto aliyekwisha kufariki tumboni. Aghlabu jirani hajui, na mama huulizwa machache. Akiulizwa wodini, kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, kama ameridhika na huduma aliyopewa, jawabu lake mara nyingi huwa ni kumshukuru Mwenyezi Mungu.

Jawabu hilo ni la imani na la adabu, na linastahiki heshima. Hata hivyo, mtumishi wa afya atakayeliandika daftarini kuwa mama ameridhika na huduma atakuwa amechanganya mambo mawili. Mama ameridhika na alilokadiriwa na Mola wake. Hakusema kuwa alipokewa kwa wakati, kuwa aliambiwa ukweli, wala kuwa alitendewa kwa heshima. Makala haya yanakusudia kuwafafanulia watumishi wa umma na wananchi tofauti hiyo, na kueleza huduma anayostahiki kupewa mama wa aina hii.

Kwa ajili ya kulinganisha nchi na nchi, Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa ni mtoto mfu yule aliyefariki tumboni kuanzia wiki ya 28 ya mimba, kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 1.9 walizaliwa wafu duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 40 kati yao walifariki wakati mama akiwa tayari katika uchungu. Wengi wa hao wa kundi la mwisho wangeliweza kuokolewa kwa uangalizi mzuri.

Mfano wa karibu unapatikana hapa hapa Zanzibar. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, utafiti uliofanywa baina ya mwaka 2014 na 2016 ulionesha kuwa, baada ya wakunga na madaktari kupatiwa kijitabu kifupi cha mwongozo na semina za mara kwa mara, idadi ya watoto wafu ilishuka kutoka 59 hadi 39 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa. Kutawakali, kwa hiyo, hakumwondolei mtu wajibu wa kushika sababu. Mama anayeuliza kwa nini mwanawe alifariki hapingi kadari. Anauliza sababu, na ana haki ya kujibiwa.

Jawabu la mama pia hubadilika kwa mahali na wakati anapoulizwa. Katika vituo 8 vya Mkoa wa Tanga, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanawake waliojifungua kwa jumla ulionesha kuwa asilimia 19 walisema wamevunjiwa heshima au wametendewa vibaya walipoulizwa wakati wakitoka kituoni. Baadhi ya wanawake hao walipoulizwa tena wiki 5 hadi 10 baadaye, wakiwa katika mitaa yao, waliosema hivyo walifika asilimia 28. Mama anayesubiri kuruhusiwa hataki kumuudhi mtu ambaye huenda akamhitaji tena. Ikiwa hali ni hiyo kwa mama kwa jumla, aliyefiwa naye, kwa huzuni na uchovu alionao, ana sababu zaidi za kunyamaza.

Mambo yanayomfanya mama huyu aridhike na huduma si lazima yahitaji fedha nyingi. La kwanza ni khabari yenyewe. Mama aambiwe na mtumishi anayemhudumia, akiwa amekaa faragha pamoja na mtu wake wa karibu, kwa maneno ya wazi kuwa mtoto amefariki. Asiachwe akakisia kutokana na minong'ono, wala asiharakishiwe maneno ya kwamba atapata mwengine.

La pili ni mahali. Inapowezekana, alazwe mbali na wazazi wenye vichanga vyao. Pasipo na chumba cha pekee, pazia na ruhusa ya mama mzazi au dada kukaa naye hupunguza uzito.

La tatu ni mwili wa mtoto. Wazazi waulizwe kabla ya jambo lolote kufanywa, na wanaotaka kumwona au kumpakata wapewe nafasi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani, mimba iliyotimiza miezi minne ina hukumu zake za kuoshwa, kukafiniwa na kuzikwa. Familia itamuuliza sheikh wake. Wajibu wa hospitali ni kutowaondolea nafasi hiyo kwa haraka au kwa kutouliza.

La nne ni mwili wa mama. Maziwa yanaweza kuteremka kati ya siku ya 2 na ya 5, na mama asiyetahadharishwa hupata uchungu mara mbili. Aelekezwe kuvaa sidiria inayomkaa vyema, kuweka kitambaa cha maji baridi na kutokamua mara kwa mara. Mama mwenye damu ya aina ya Rh hasi huenda akahitaji sindano ya kinga, na inatakiwa atathminiwe ili aipate ndani ya saa 72. Aelezwe pia kuwa anaweza kushika mimba tena mapema, hata kabla ya kuona hedhi, ili aamue yeye na mumewe kwa kujua.

La tano ni sababu na miadi. Shinikizo la damu, kaswende, malaria, kisukari, kondo kuachia kabla ya wakati na uchungu uliokawia ni miongoni mwa sababu zinazojulikana, na kaswende hugunduliwa kwa kipimo cha damu na kutibiwa kwa penisilini. Kilichogunduliwa kiandikwe katika kadi ya mama, ili katika mimba ijayo asilazimike kuanza upya kusimulia msiba wake kwa kila anayempokea. Iwapo sababu haikupatikana, naye aambiwe hivyo.

Wanaokusanya maoni wanakumbushwa kumuuliza mama baada ya wiki kadhaa, faraghani, na aulizwe na mtu ambaye hakumhudumia. Badala ya kumuuliza kama ameridhika, aulizwe nani alimpa khabari, kwa maneno gani, alisubiri muda gani, na ni jambo gani asilolielewa mpaka leo. Mume au mkwe asimjibie.

Wananchi wanakumbushwa kumrejesha mama hospitali bila ya kuchelewa akiwa na damu nyingi isiyopungua, homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya tumbo, kichwa kuuma sana pamoja na kuona kiza, kifafa, au huzuni inayomzuia kula na kulala au kumtia mawazo ya kujidhuru. Wasimlaumu kwa kazi aliyofanya au njia aliyopita. Wakuu wa ofisi nao wanaombwa wasimtake mtumishi aliyefikwa na msiba huu kujieleza mbele ya wenzake. Cheti cha daktari kinatosha.

Mwenye malalamiko aanze kwa muuguzi mkuu wa wodi, kisha kwa daktari dhamana wa hospitali, na asiporidhika afike ofisi ya afya ya wilaya yake. Kulalamika si utovu wa shukurani. Mama aliyeondoka na kinyongo bila ya kukisema huenda mimba ijayo akabakia nyumbani hadi uchungu umzidi, na hapo gharama ya kimya chake italipwa na yeye na mwanawe.