Chumvi Bila Bahari: Samaki wa Nyanda za Kati

Familia ya Dodoma ikipanga likizo ya kuvua samaki wa maji ya chumvi, mawazo hukimbilia Bagamoyo au Tanga. Kumbe nyanda za kati zina maji yake ya chumvi, na humo mna samaki. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 kaskazini mashariki mwa jiji, lina maji ya chumvichumvi na wavuvi wake. Magharibi kuna Bahi, Mto Bubu unakoishia kwenye tambarare ya majimaji. Ukiendelea hadi Singida mjini, utakuta maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, wanakofika ndege aina ya heroe.

Chumvi hiyo haikutoka baharini. Mvua huyeyusha madini ya miamba na udongo, mito ikayabeba hadi bondeni. Bonde la Bahi halina mto unaotoka kwenda baharini, hivyo maji huondoka kwa njia moja tu, kuwa mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, ilhali jua lake lina nguvu ya kukausha maji mara kadhaa ya kiasi hicho. Ni kama mchuzi uliosahaulika jikoni: unakolea chumvi ingawa hakuna aliyeongeza hata punje. Hombolo lina njia ya kumwaga maji yakijaa, lakini udongo na maji ya ardhini ya eneo lile vina chumvi tangu asili, na kiangazi kirefu humalizia kazi.

Je, samaki anaishije humo? Damu ya samaki wengi wenye mifupa ina chumvi ya takriban theluthi moja ya ile ya bahari, ambayo ni gramu 35 kwa lita. Kwenye maji baridi, maji hupenya mwilini kupitia matamvua bila kukoma, naye huyatoa kwa mkojo mwingi. Kwenye maji yenye chumvi kuliko damu yake, mambo hugeuka: mwili unapoteza maji, hivyo samaki hulazimika kunywa, kisha seli maalumu za matamvua husukuma chumvi iliyozidi nje. Kazi hiyo hula nguvu ambazo zingemkuza.

Samaki wengi wamejaliwa upande mmoja tu. Jamii ya perege ina spishi zinazoweza kuhama kutoka upande mmoja hadi mwingine, mradi chumvi ipande taratibu, seli zao zipate muda wa kujipanga upya. Mmoja wao, *Oreochromis amphimelas*, hapatikani kiasili popote duniani ila kwenye maziwa ya chumvi ya bara Tanzania, yakiwamo Manyara, Eyasi na Kitangiri. Ziwa Natron lina ndugu zake wadogo wanaoishi kwenye magadi makali. Na katika Ziwa Magadi, Kenya, watafiti walithibitisha mwaka 1989 kwamba perege wa huko hutoa taka ya mwili kama urea, si amonia kama samaki wengi, kwa kuwa maji yenye magadi huzuia amonia kutoka kirahisi.

Kwa hiyo adui mkubwa wa samaki wa Bahi si chumvi yenyewe bali ukame, kwani mwaka wa mvua haba maji hukauka kabisa. Kwa msafiri, wakati mzuri ni baada ya masika, maji yakiwa mengi. Ulizeni kwanza leseni kwa ofisa uvuvi wa wilaya, maana Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaitaka. Watoto wasiingie majini, kwa sababu maji yaliyotuama yanaweza kuwa na konokono wa kichocho.

Mkirudi nyumbani, anikeni juani sahani mbili: moja ya maji ya Hombolo, nyingine ya maji ya mvua. Zikikauka, ya kwanza itabaki na utando mweupe, nao watoto watakuwa wamejionea kwa siku moja kile ambacho jua hulifanyia bonde la Bahi kila kiangazi.