Jina Lako Liko Kwenye OB?

Vituo vingi vya polisi nchini Kenya vinafanana kwa ndani. Kuna kaunta, nyuma yake afande wa zamu, na juu yake kitabu kikubwa chenye jalada gumu ambacho kila Mkenya anakijua kwa herufi mbili: OB (Occurrence Book), yaani kitabu cha matukio. Hatua chache kutoka hapo upo mlango wa chuma wa seli. Anayekamatwa hukaa kati ya kitabu na mlango huo kwa dakika chache tu, tena katikati ya kelele za watu wanaoripoti vitambulisho vilivyopotea na ugomvi wa majirani. Ningependa tuzitazame dakika hizo, kwa sababu watu wamepotea ndani yake.

Kwa utaratibu unaotakiwa, afande huandika jina la aliyeletwa, saa aliyofika, kosa analodaiwa kutenda na afisa aliyemkamata. Ripoti hiyo hupewa nambari inayoambatana na tarehe, na ndiyo nambari ya OB ambayo jamaa wakija wataitumia kuulizia. Baadaye mshukiwa hupekuliwa, na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake. Simu, pesa, saa, funguo, vyote hutolewa na kuorodheshwa. Pesa zihesabiwe mbele ya mwenyewe, kiasi kiandikwe, naye atie sahihi. Asiyeona kiasi kikiandikwa hana pa kuanzia siku ya kudai.

Mkanda na kamba za viatu hubaki kaunta pia, kwa kuwa wapo waliojinyongea seli kwa vitu kama hivyo. Ndiyo maana utamwona mtu mzima, pengine mwalimu au baba wa watoto wanne, akiingia seli ameshika suruali kwa mkono mmoja isimwanguke. Tahadhari hiyo ni ya lazima. Fedheha inayofuatana nayo, ya kuchekwa na kuitwa majina mbele ya umati ulio kaunta, haina ulazima wowote.

Jambo linalorukwa mara nyingi ni hali ya mwili. Kama mtu amefika akichechemea, au ana jeraha kichwani, au anameza dawa za kisukari kila jioni, hapo ndipo pa kuandika, na kama anahitaji hospitali apelekwe kabla ya mlango kufungwa. Mstari huo mmoja humlinda mshukiwa, na humlinda afande mwaminifu vilevile, kwa sababu asubuhi atakuwa na cha kuonyesha kuhusu hali aliyompokea nayo.

Juni 2016 tuliona yanayoweza kutokea mtu asipoandikwa kabisa. Wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda, na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa walipokuwa wakitoka katika Mahakama ya Mavoko. Mwenda, mwendeshaji bodaboda, alikuwa amemlalamikia afisa wa polisi aliyempiga risasi. Watatu hao walizuiliwa katika kambi ndogo ya polisi wa utawala huko Syokimau bila jina lolote kuingia kitabuni. Kwa upande wa serikali, hawakuwa popote. Dalili kwamba walikuwa hai mle ndani ilitoka kwenye kijikaratasi kilichotupwa nje, kikimwomba atakayekiokota ampigie simu mke wa Kimani. Karibu wiki moja baadaye miili yao ilipatikana mtoni, eneo la Ol Donyo Sabuk. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu na mpasha habari wao, na Februari 2023 afisa mmoja, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo.

Kuandikwa peke yake hakutoshi, hilo nalo tumelijua kwa uchungu. Juni 2025 Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kushambuliwa, Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti, na maafisa kadhaa, akiwemo mkuu wa kituo, wakashtakiwa kwa mauaji, mashtaka waliyoyakana. Kalamu haimwokoi mtu kama hakuna anayepita seli usiku kuangalia walio ndani, na kama kamera zilizowekwa kwa kazi hiyo zinaweza kuchezewa.

Na seli zenyewe? Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linataka mahabusu ziwe safi, zenye mwanga wa kutosha, vyoo na mahali pa kunawa, na wanaume watenganishwe na wanawake, watoto na watu wazima. Aliyewahi kulala korokoroni atakusimulia mengine: sakafu ya saruji, ndoo pembeni, na wageni wa jana waliokwisha kugawana pembe kavu. Chakula mara nyingi huletwa na jamaa, kwa hiyo asiye na ndugu karibu hushinda akitegemea huruma ya wenzake. Katika vituo vidogo visivyo na seli ya wanawake, mama aliyekamatwa hukalishwa kwenye benchi nyuma ya kaunta, wakati mwingine na mtoto mgongoni, akisubiri gari la kumpeleka kituo kingine. Hapa sitamlaumu afande wa zamu. Hawezi kujenga chumba ambacho serikali haikukijenga.

Lawama yangu iko kwenye saa. Ibara ya 49 ya Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa au siku za kazi za mahakama, ambapo husubiri siku ya mahakama inayofuata. Kutokana na mwanya huo Wakenya walipata msemo wa kamata kamata ya Ijumaa. Mchuuzi anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu, na yupo atakayemnong'oneza ni kiasi gani kitamtoa mapema. Ilhali dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiweka pesa za dhamana unapaswa kupewa risiti rasmi, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha kama mshukiwa hakukosa kufika kortini.

Basi ukiambiwa ndugu yako ameshikwa, nenda na mtu mwingine, muwe wawili. Salimia kwa adabu, kisha uliza mambo matatu: nambari ya OB, kosa aliloandikiwa, na saa aliyofikishwa. Omba kumwona kwa macho. Ukijibiwa kwamba hayupo, nawe una hakika aliletwa hapo, andika jina la afande na saa uliyojibiwa, umwone mkuu wa kituo (OCS), na usingoje kukuche ndipo umtafute wakili. Ombi la kutaka aliyezuiliwa aletwe mbele ya mahakama ni haki ambayo Ibara ya 25 ya Katiba imekataza kuwekewa mpaka wowote, hata wakati wa hali ya hatari.